Nani Kasema?

Msimamizi wa tasnifu yangu ni mtu wa maneno machache. Nilimtumia sura ya pili, ile niliyoihangaikia tangu kabla ya Krismasi, akairudisha baada ya wiki tatu ikiwa na masahihisho madogo madogo ya lugha. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa, pembeni, alikuwa ameandika maneno mawili: Nani kasema?

Sentensi aliyoipigia mstari ilisema kwamba mwanafunzi wa mbali hapotezwi na umbali, anapotea siku akikosa mtu wa kumwita kwa jina. Niliipenda sana sentensi hiyo, na nilikuwa nimeijengea hoja ya kurasa sita. Haikuwa na tanbihi, wala jina la mtu, wala mwaka. Nilipoitazama upya nilijua jambo moja tu kwa uhakika, kwamba haikuwa yangu. Mimi siandiki hivyo. Mahali fulani niliisoma au niliisikia, nikaichukua, na chanzo chake nikakiacha njiani.

Nilitumia karibu miezi miwili kuitafuta.

Mimi ni mchungaji, na nafundisha katika chuo kimoja cha Biblia huku mlimani, upande wa mashariki wa Moshi. Utafiti wangu unahusu elimu ya theolojia kwa njia ya mtandao. Wainjilisti wetu ni watu wenye familia, vihamba vya migomba na mitaa ya kuhudumia. Nataka kujua wanasomaje theolojia kwa simu, na wito wao unapatwa na nini wakisoma hivyo. Swali hili lilinijia mwaka 2020. Vyuo vilifungwa mwezi Machi na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni, na majuma yale ya katikati tulijikuta tunafundisha Agano la Kale kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Baadhi ya wanafunzi walinyamaza siku ya tatu, tusiwasikie tena mpaka vyuo vilipofunguliwa. Wengine, hasa akina mama ambao darasani walikaa nyuma bila kuuliza kitu, walichangamka kuliko nilivyowahi kuwaona. Nilitaka kuelewa kwa nini.

Sasa, mtu anayetafiti mambo ya mtandao husoma mtandaoni pia, na huko hakuna rafu. Kitabu nilichosoma maktaba ya Chuo cha Makumira nakumbuka mpaka mahali kilipokaa, rafu ya chini karibu na dirisha, jalada limechanika kona. Makala ya PDF haina kona. Nyingine nilizisoma kwenye simu ndani ya hiace ya Himo, nyingine kwenye kompyuta ya ofisini, nyingine nilizichapisha stesheneri nikaziandika pembeni kwa penseli. Faili zilibaki na majina ya tarakimu tupu, kama zilivyoshuka kutoka kwenye tovuti. Nukuu zilizonigusa nilijitumia mwenyewe kwa WhatsApp, zikazama chini ya matangazo ya kwaya na michango ya harusi. Umeme ulipokatika nilifunga nilichokuwa nasoma bila kuandika namba ya ukurasa, nikisema nitarudi kesho. Kesho ilikuja na mazishi, kipaimara na kikao cha jimbo.

Ndiyo maana swali la maneno mawili lilinishika pabaya.

Kwanza nilidhani ni Garrison. Yeyote aliyesoma elimu ya mtandaoni anamfahamu: yeye pamoja na Anderson na Archer, huko Kanada, ndio walioeleza kwamba darasa la mtandaoni husimama juu ya uwepo wa aina tatu. Kuna uwepo wa kijamii, yaani watu kujuana kama watu. Kuna uwepo wa fikra, yaani kulichimba somo pamoja. Na kuna uwepo wa ufundishaji, mkono wa mwalimu anayepanga na kuongoza. Sentensi yangu ilinukia ule uwepo wa kijamii. Nikaisoma makala yao upya, neno kwa neno, kurasa 87 hadi 105 za jarida lao. Sentensi haikuwemo.

Lakini niligundua kitu kingine kilichonitia hofu. Katika sura yangu nilikuwa nimewataja Garrison na wenzake mara mbili kama waandishi wa kazi mbili, moja ya 1999 na nyingine ya 2000. Kumbe ni makala moja. Toleo la jarida lina tarehe ya 1999, huku wengi wakiinukuu kama ya mwaka 2000. Mimi niliipata kwenye tovuti mbili tofauti kwa siku mbili tofauti, nikaamini nina mashahidi wawili. Sheria ya Musa inataka jambo lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, na hapa mimi nilikuwa nimemsimamisha shahidi mmoja, nikambadilisha koti, nikamsimamisha tena. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, na kama msimamizi asingeuliza lile swali lingechapwa.

Baada ya hapo niliacha kuandika kwa wiki mbili nzima nikapanga nyumba.

Programu ninayotumia kutunza vyanzo vyangu ni Zotero. Ni ya bure, ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani mwaka 2006, na sababu ya kuipenda huku kwetu ni kwamba inakaa ndani ya kompyuta yako na kufanya kazi hata bando likiisha. Ukifungua ukurasa wa makala kwenye kivinjari, unabonyeza mara moja na inachukua jina la mwandishi, jarida, juzuu, mwaka na kurasa. Ukiwa na namba ya DOI, ile inayotambulisha makala mtandaoni, au ISBN ya kitabu pekee, unaiingiza na programu inakwenda kuleta mengine. Unapoandika kwenye Word au LibreOffice inakuwekea tanbihi na mwishoni inakupangia orodha ya marejeo. Chuo changu kinataka mtindo wa Turabian, ule uliotokana na mwongozo wa mwaka 1937 wa Kate Turabian, aliyekuwa akikagua tasnifu za Chuo Kikuu cha Chicago. Jarida ninalotaka kulipelekea makala linataka jina na mwaka ndani ya mabano. Zamani kuhama kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine ni kazi ya siku tatu. Sasa ni dakika.

Nafasi ya bure mtandaoni ni megabaiti 300, nayo hujaa haraka kwa mtu anayekusanya PDF za vitabu vilivyopigwa picha. Mimi nimeiamuru ihifadhi mtandaoni taarifa na maandishi yangu tu, siyo mafaili. Mafaili yanabaki kwenye kompyuta, na kila Ijumaa jioni nanakili folda nzima kwenye diski ya nje ambayo inalala nyumba nyingine. Mwenzangu mmoja aliibiwa kompyuta ikiwa na kazi ya miaka minne, na sura yake siku ile sijaisahau.

Ila programu haikutatua tatizo lililonileta kwake. Nilikuja kuligundua taratibu: yenyewe inajua kila kitu kuhusu makala isipokuwa kile ambacho mimi nilikiona ndani yake. Hilo lazima niliandike mwenyewe, palepale, kabla sijafunga. Kwa hiyo kila makala sasa ina karatasi yake ndani ya Zotero, imeandikwa kwa Kiswahili, na kila mstari unaanza na herufi moja. N ni nukuu, maneno yenyewe ya mwandishi, herufi kwa herufi, na ukurasa. M ni muhtasari, hoja yake kwa maneno yangu, na ukurasa pia. W ni wazo langu lililozuka nikisoma. Herufi hizi tatu ndizo nilizozikosa. Sentensi yangu ya ukurasa wa kumi na tisa ingekuwa na herufi mbele yake, nisingehangaika hata saa moja.

Nasisitiza Kiswahili, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Karibu kila ninachosoma kimeandikwa kwa Kiingereza, na nilipokuwa nanakili Kiingereza kwenye daftari nilijidanganya kwamba nimeelewa. Lipo neno wanalolitumia sana waandishi wa theolojia wa Marekani, la kukua kwa mtumishi katika tabia, sala na wito, na ndilo neno ambalo ubishi wote wa theolojia ya mtandaoni unalizunguka. Wanauliza: je, jambo hilo laweza kutokea kupitia skrini? Nilipolazimika kuliandika kwa Kiswahili nilikwama. Malezi? Malezi yana mlezi na mtoto. Mafunzo? Hapana. Siku ya tatu nikakumbuka Wagalatia 4:19, pale Paulo anaposema ana utungu tena mpaka Kristo aumbike ndani yao. Kuumbika. Hapo hapo hoja yangu ikageuka, kwa sababu Paulo anayasema hayo kwa barua, kwa watu walio mbali, na katika mstari unaofuata anasema angependa kuwapo pamoja nao sasa na kuigeuza sauti yake. Barua inafanya kazi ya kuumba, na mwenye barua bado anatamani kufika. Yote mawili ni kweli kwa mara moja. Yohana naye, mwishoni mwa waraka wake wa pili, anasema anayo mengi lakini hataki kuyaandika kwa karatasi na wino, anatarajia kuja waseme mdomo kwa mdomo. Mstari wa W nilioandika siku ile umekuwa sura ya nne ya tasnifu.

Nilirudi kuitafuta sentensi. Mtu wa pili niliyemshuku alikuwa Michael Moore, aliyefundisha kwamba umbali katika elimu haupimwi kwa kilomita, unapimwa kwa mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi na kwa jinsi somo lilivyokazwa au kulegezwa. Wazo ni jirani. Maneno siyo. Nikapitia matoleo ya zamani ya jarida la ATS, umoja wa shule za theolojia za Marekani na Kanada, lililoanza kutoka mwaka 1964. Humo unaona wazi jinsi walivyobishana miaka mingi kuhusu mwanafunzi kuishi chuoni, mpaka walipopitisha viwango vipya mwaka 2020. Hakuna. Nikatumia akaunti ya bure ya JSTOR, hazina ya majarida mtandaoni, inayokuruhusu kusoma mtandaoni makala hadi 100 kwa mwezi, nikatafuta pia kwenye maktaba ya Globethics. Hakuna.

Katika kukata tamaa niliiuliza programu moja ya akili bandia. Ilinijibu papo hapo, kwa adabu, kwamba sentensi inatokana na kazi tatu, ikanipa waandishi, majarida, juzuu, kurasa na namba za DOI. Moyo ulinienda mbio. Namba mbili hazikufunguka kabisa. Ya tatu ilifungua makala ya kilimo cha mpunga. Waandishi wawili kati ya waliotajwa ni watu halisi, nimesoma vitabu vyao, na hawakuwahi kuandika kitu kama kile. Nilikaa kimya muda mrefu mbele ya skrini. Amri inasema usimshuhudie jirani yako uongo. Kuweka maneno kinywani mwa mtu ambaye hakuyasema, na jina lake na namba ya ukurasa, ni ushuhuda wa uongo, na mtu anaweza kuufanya sasa kabla chai haijapoa. Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba hakuna rejeo litakaloingia kwenye kazi yao kama hawajalifungua kwa mikono yao na kusoma ukurasa wenyewe. Na mimi nimejiwekea sharti hilohilo.

Mwanafunzi mmoja, kijana makini, alinipinga kwa Maandiko. Alisema mwandishi wa Waebrania, sura ya pili, ananukuu Zaburi ya nane kwa kusema tu kwamba mtu mmoja ameshuhudia mahali fulani. Kama yeye hakutaja, sisi tunabanwa kwa nini? Ni swali zuri na sikulipuuza. Nilimjibu kwamba waliosomewa waraka ule walikuwa na Zaburi kifuani; walipomsikia mtu mmoja mahali fulani walimaliza mstari wenyewe. Msomaji wa tasnifu yake kule Dodoma au Nairobi hana kifuani kile alichonacho yeye. Halafu nikamuuliza kuhusu mfongo, mfereji wa maji unaopita nyuma ya bweni lao. Ni wa nani? Akanitajia ukoo uliouchimba bila kusita. Maji wanatumia watu wote, hakuna anayekatazwa kumwagilia, lakini wazee bado wanajua nani alifungua njia na ni ukoo gani unaoita watu siku ya kuuzibua. Tanbihi ni hivyo. Akaandika.

Kazi ya kupanga majina ilinifundisha mengine. Visanduku vya Zotero vinataka jina la ukoo upande mmoja na jina la mtu upande mwingine. Kwa Wachagga wengi hilo si gumu, jina la mwisho ni la ukoo. Lakini Mtanzania mwingine majina yake matatu ni lake, la baba na la babu, na hakuna la ukoo hata moja. Ukimpanga kwa jina la babu unakuwa umemwandika babu. Kuna kitufe kidogo cha kuunganisha visanduku viwe kimoja, jina likae kama mwenyewe anavyoliandika. Wengi hawakijui. Kutafuta jina nako kuna mitego yake: nilipotafuta maandishi kuhusu Askofu Stefano Moshi, aliyeiongoza KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, tangu ilipoundwa mwaka 1963, niliandika Moshi nikaletewa mji, nikaletewa na makala za afya kuhusu moshi wa jikoni.

Wiki ya sita nilichapa orodha yangu ya marejeo nikaibandika ukutani. Ilikuwa ndefu na safi, kila nukta mahali pake. Nikaisoma kuanzia juu hadi chini. Waandishi wa Tanzania niliweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki. Tasnifu inahusu wainjilisti wa Kilimanjaro! Nilikuwa nimekusanya kile ambacho programu inakikusanya kwa bonyezo moja, chenye DOI, na kile kisicho na DOI nilikiacha kimelala.

Na kipo kingi. Moshi hii inafundisha watu kwa mbali tangu zamani. Chuo cha Ushirika kilianza mwaka 1963, na wanaushirika walisoma hesabu na uongozi kwa masomo ya posta kutoka hapa mjini. Mwaka huohuo Walutheri duniani walifungua kituo cha redio huko Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vya Sauti ya Injili vilitengenezwa studio ya Moshi. Bibi yangu alijifunza Waraka wa Yakobo kwa redio ile, akiwa anachambua maharage. Na mwaka uleule wa 1963, upande wa pili wa dunia, seminari ya Wapresbiteri huko Guatemala iliona kwamba vijana wanaopelekwa mji mkuu hawarudi vijijini, ikaamua walimu ndio wasafiri. Akina Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler walitunga vitabu vya kujisomea nyumbani na siku ya kukutana kila wiki. Hiyo ndiyo iliyokuja kwetu kwa jina la elimu ya theolojia kwa enezi. Ted Ward aliilinganisha na uzio: ubao mmoja ni kusoma, ubao wa pili ni huduma yenyewe, na nguzo zinazoshika mbao zote mbili ni zile siku za kukutana. Baadaye kikaja Chuo Kikuu Huria, kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, na wachungaji kadhaa ninaowafahamu wana shahada zake. Anayesema theolojia ya mbali ilianza na Zoom hajawauliza wazee.

Ushahidi wa hayo yote uko kwenye makabati. Vijitabu vya enezi vilivyochapwa kwa stensili, bila mwaka, bila jina la mtunzi. Mihtasari ya vikao vya wainjilisti. Barua. Matoleo ya Africa Theological Journal, lililotolewa Makumira tangu 1968, ambayo nilikwenda kuyasoma kwa mikono: basi la Arusha, kushuka njiani maeneo ya Usa River, siku nzima na daftari. Makumira yenyewe ilianzia Lwandai, kule Mlalo, mwaka 1947, kabla ya kuhamia ilipo mwaka 1954. Haya yote nimeyaingiza Zotero kwa kuandika kisanduku kwa kisanduku. Inazo aina za mahojiano, barua, hata matangazo ya redio. Pasipo na mwaka naandika kwamba hakuna mwaka, kisha kwenye karatasi ya maelezo naeleza kwa nini nadhani ni miaka fulani: aina ya karatasi, bei iliyopigwa nyuma, jina la askofu aliyeandika dibaji. Chanzo kimoja hula saa nzima. Ni saa nilizozitoa kwa furaha kuliko zote.

Ni katika kazi hiyo, wiki ya nane, nilipofungua kaunta buku langu la bluu la mwaka wa kwanza wa utafiti, kutafuta tarehe ya kijitabu kimoja. Katikati ya ukurasa, kwa mwandiko wangu wa haraka, sentensi ilikuwepo. Pembeni niliandika jina la mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu aliyekuwa kiongozi wa madarasa ya enezi kwa miaka mingi, na neno moja: uani.

Nililia kidogo. Nilikuwa nimeisaka Kanada na Marekani, na ilisemwa kwenye ua wa nyumba juu ya Mwika, mzee akimenya ndizi.

Sikutaka kuiweka kwenye tasnifu bila kurudi. Kumbukumbu ya daftari haitoshi. Mtu ana haki ya kujua maneno yake yanakwenda wapi. Nilipanda Jumamosi, nikamkuta amekaa palepale.

"Bwana Yesu asifiwe, Baba."

"Amina, binti yangu. Umekonda. Hicho kitabu chako hakijaisha?"

Nilimweleza. Nilimsomea sentensi. Nilimwambia itakavyoandikwa: jina lake, mahojiano, mahali, siku, na kwamba kama hataki jina litokee nitaliondoa. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Mimi uniandike, sina shida. Lakini hayo maneno siyo yangu."

"Ya nani, Baba?"

"Ya mwalimu wangu. Yule aliyekuwa anazunguka sharikani kutufundisha wainjilisti vijana. Alikuwa anatembea na daftari la majina. Kabla hajafungua Biblia anatuita mmoja mmoja, majina yote matatu. Asiyeitika, mwalimu anakwenda kwake jioni hiyohiyo, hata kama ni gizani. Ndipo alipotuambia hivyo, siku tuliyomuuliza kwa nini anajisumbua."

Nilifungua kompyuta pale uani. Nikaanza ukurasa mpya chini ya ule wake: mahojiano, na ndani yake maneno aliyoyapokea kwa mwingine. Nikafika kwenye kisanduku cha mwaka.

"Ilikuwa mwaka gani, Baba?"

"Mwaka siukumbuki." Alifikiri. "Ila mpaka wa Holili walikuwa wameshaufunga, maana mwalimu alilalamika hapati tena tairi la pikipiki kutoka upande wa pili. Na redio ya Addis ilikuwa bado haijanyamaza. Jioni ile tuliisikiliza naye, nyumbani kwa baba yangu."

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwezi Februari 1977. Kituo cha Addis Ababa kilitwaliwa na serikali ya kijeshi tarehe 12 Machi mwaka huohuo. Niliandika: Februari au mapema Machi 1977. Nikahesabu majuma kwa vidole mbele yake, naye akatikisa kichwa polepole kukubali.

Kikabaki kisanduku cha jina. Aliyataja yote matatu, nikayaandika kama nilivyoyasikia, visanduku vimeunganishwa kuwa kimoja. Marehemu hana wa kumuuliza isipokuwa watoto wake, ambao nitawatafuta kabla sijachapa, na kwa hiyo hapa simtaji. Mzee akasogeza kiti, akainama karibu na skrini.

"Lisome," akasema.

Nikalisoma kwa sauti.

"Tena."

Nikalisoma tena. Akaweka kidole juu ya kioo, kwenye jina la katikati. Nilikuwa nimeandika l mahali pa r.

Nikasahihisha.